Sikio la Ukutani

Jumatano, 2 Aprili

Nimefika Tanga saa nane mchana na begi moja la nguo na jingine la mashine. Mama alinifungulia mlango, akanitazama mikono kwanza, kama mtu aliyenituma dukani nikachelewa miaka sita. "Ingia, mwanangu, utarowa." Kaka Nawaf alikuwa sebuleni. Aliitikia salamu yangu macho yakiwa kwenye simu.

Baba amelazwa chumba cha mbele. Kiharusi kilimpiga mwezi wa Shaabani, upande wote wa kulia umekufa na ulimi umekwenda nao. Nilimwambia shikamoo mara tatu. Aliendelea kutazama dari.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna kazi iliyofanyika.

Ijumaa, 4 Aprili

Niandike kilichonileta, ili siku nikianza kujidanganya nirudi kusoma hapa.

Rasmi, nimekuja kukusanya data za shahada ya uzamili. Mimi ni fundi wa vipimo vya masikio. Namvisha mtu hedifoni, namchezea silabi mbili kwa mpigo mmoja, "ba" sikio hili na "da" sikio lile, kisha namuuliza amesikia nini. Wengi hutaja ya kulia, kwa sababu sikio la kulia hupeleka habari zake zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko maneno yanakoshughulikiwa kwa watu wengi. Hilo linajulikana tangu zamani. Ninachotafuta mimi ni kinachotokea maneno yakichakachuliwa: nikiyatia mvumo, nikiyakata sauti za juu, yakawa kama ya simu mbovu. Je, kulia kunashinda bado? Au masikio yote mawili yanakuwa sawa katika umaskini? Msimamizi wangu, Dokta Innocent, amekubali nifanyie kazi hiyo hapa Usagara, nyumbani kwetu, chumba cha uani.

Kweli yenyewe ni kwamba nimekuja kuomba radhi. Miaka sita iliyopita nilifunga ndoa ya bomani na Castory, muuguzi wa Morogoro, Mkristo. Baba hakupiga kelele. Alimpa Mama maneno ya kuniletea: nisirudi mpaka nijue kosa langu. Sikurudi. Sasa anakufa, na mimi naogopa kufiwa na baba asiye radhi nami. Nilidhani mambo haya niliyaacha kwenye nyumba hii pamoja na buibui langu la shule. Sikuyaacha.

Jumapili, 6 Aprili

Watu watatu wamepimwa. Wa kwanza alikuwa Bi Semeni, jirani yetu, ambaye huja kumtazama Baba kila alasiri na kuongea mpaka chai iishe. Aliuliza kama hedifoni zinatoa siri za mtu. Nikamwambia siri zake mtaa mzima unazo, mashine haina kazi. Alicheka sana, kisha akanilipa papo hapo: "Wewe Azza, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lako li zima, lakini nakuona unachechemea."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ikipiga mabati siwezi kupima mtu. Hata hedifoni zangu za bei mbaya haziizuii. Kwa hiyo leo nilikaa na Baba.

Ile fimbo yake ya henzirani ipo kitandani, chini ya mkono wa kushoto. Mama ameiweka hapo kwa sababu bila hiyo anahangaika. Nilipoiona, chuo chake kizima cha Kurani kilinirudia. Tulikuwa wanafunzi thelathini mkekani, kila mmoja na mahali pake, huyu yuko sura ya Alam Tara, yule yuko Tabaraka, wote kwa sauti ya juu kwa pamoja. Mpita njia alisikia vurugu tupu. Baba alikaa katikati, macho yamefumbwa, na ukikosea herufi moja katikati ya mvumo ule fimbo iligonga sakafu mbele yako. Fimbo ikigonga mara moja, maana yake rudia. Mara mbili, pita. Watoto tuliimba uani: moja rudi, mbili pita. Wala hakuambii umekosea wapi. Unalitafuta kosa lako mwenyewe, na unarudia mpaka ulipate. Mimi niliwahi kurudia aya moja tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Nilipoipata aligonga mara mbili, nikatoka pale najiona malkia.

Sasa anagonga ubavu wa kitanda mara mojamoja. Mama anasema anataka maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimejaribu. Nilimwinamia nikasema: "Baba, ni mimi Azza. Nimekuja kukuomba radhi." Mvua ilikuwa inanyesha, Bi Semeni alikuwa anamsimulia Mama bei ya dagaa. Baba hakunitazama. Fimbo haikutikisika.

Nawaf alikuwa mlangoni. "Usijisumbue," akasema. "Hasikii, na akisikia haelewi. Daktari kashasema." Yeye mwenyewe kila baada ya sala ya alfajiri hukaa kwenye kiti kile kile na kumsomea Baba Yasin sikioni. Nilimuuliza kwa nini anasoma ikiwa hasikiki. Alinitazama kama niliyemtukana.

Jumatano, 16 Aprili

Wapimwaji kumi na mmoja. Katika maneno safi, kulia kumeshinda kwa tisa. Katika yaliyochakachuliwa, sioni mwelekeo. Kwa wengine tofauti inapungua, kwa wengine inaongezeka, na mmoja amegeuka kabisa. Dokta Innocent ameandika: "Vumilia, ongeza watu."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo kimetokea kitu.

Rahimu, mwanafunzi wa zamani wa Baba, ana chuo chake Tongoni. Amemtumia Mama sauti ya watoto wake wakisoma, "ili Maalim afurahi." Mama alikuwa ameketi kitandani anaisikiliza, simu ikamponyoka, ikatumbukia kati ya kitanda na ukuta. Ikaendelea kusoma huko huko chini. Watoto ishirini kwa pamoja, kila mmoja na lake. Tulikuwa tunahangaika kuitoa kwa mpini wa ufagio.

Baba akagonga mara moja.

"Maji," Mama akasema.

Nilimwomba anyamaze. Tulipoitoa simu nilirudisha nyuma, nikasikiliza kwa hedifoni mara nne. Kuna mtoto, sauti nyembamba, karibu na mwisho, ameruka neno.

Nimekaa uani mpaka sasa nafikiri. Kiharusi cha Baba kimeharibu upande wa kushoto wa ubongo. Sikio lake la kulia, ambalo kwa wapimwaji wangu ndilo linaloshinda, kwake ndilo lililofilisika, hasa kukiwa na sauti nyingine chumbani. Na chumba hiki hakijawahi kukosa sauti nyingine. Kuna mvua, kuna feni, kuna Bi Semeni. Linalopokea ni la kushoto, na la kushoto liko ukutani. Tangu Shaabani hakuna binadamu aliyesema neno upande ule.

Jumapili, 20 Aprili

Nimewaomba tusogeze kitanda. Nawaf amekataa katakata.

Kitanda kiliwekwa hivyo kwa makusudi. Mtu wa heshima huendewa kuliani. Mkono wa kulia ndio wa kupewa, mguu wa kulia ndio wa kuingilia msikitini, na sikio la kulia ndilo Baba aliloadhiniwa siku aliyozaliwa. "Wanafunzi wake waje wamwamkie Maalim Mohsin kushotoni?" alisema. "Kushoto ndiko mtu anakotemea shetani akiota vibaya. Wewe umesahau hata hilo?"

Nikamwambia sikio halijui heshima. Nilikosea kusema vile, nilijua wakati nasema.

"Umekuja kumpima baba yako kama panya," akasema. "Hata kumwuguza hujui."

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Castory amepiga simu. Mtandao unakatika, nimesikia nusu.

Jumamosi, 26 Aprili

Wapimwaji kumi na wanne. Baba amekula vijiko vitatu vya uji. Nawaf amesoma Yasin yake kuliani, mvua juu ya bati. Nilisimama mlangoni nikihesabu ni maneno mangapi yamefika. Nadhani hakuna. Nimeona aibu kuhesabu.

Jumamosi, 3 Mei

Nawaf amekwenda Ushongo mazikoni, atakaa huko siku kadhaa. Baada ya adhuhuri Mama alikuja chumba cha uani na kanga ameifunga kiunoni. "Hebu njoo unisaidie, nafagia uvungu." Tulikivuta kitanda pamoja, hatua mbili kutoka ukutani. Mama ana miaka sabini na mbili, alivuta kuliko mimi. Kisha akafagia kweli, akatoa vumbi lote na kidonge kimoja kilichopotea.

"Nawaf akiuliza," alisema, "nilikuwa nafagia."

Jumanne, 6 Mei

Mvua imekatika tangu asubuhi. Nimempima Baba, mpimwaji wa kumi na tano.

Kwa kuwa hawezi kusema, nilitumia sheria ya chuo. Namwonyesha picha, namchezea neno sikio moja. Likilingana, agonge mara mbili. Lisipolingana, mara moja. Nilimweleza kushotoni, polepole. Kwanza alinitazama tu. Nikamwonyesha kikombe, nikacheza "kikombe", fimbo ikagonga mara mbili. Nikamwonyesha kitabu, nikacheza "kisu". Mara moja, tena kwa nguvu, kwa hasira ya mwalimu. Wallahi nilicheka. Maalim Mohsin amerudi kazini.

Kushoto, chumba kimya: kumi na tisa katika ishirini.
Kushoto, kwa mvumo: kumi na mbili.
Kulia, chumba kimya: tisa.
Kulia, kwa mvumo: hakugonga kabisa.

Halafu nilivua hedifoni nikamsemea mwenyewe, kushotoni. "Baba, mimi ni Nawaf." Mara moja. "Baba, mimi ni Azza."

Mara mbili.

Nilitoka nikaenda jikoni, nikalia. Mama akanipa vitunguu nimenye.

Jumamosi, 10 Mei

Saa kumi alasiri, jua, feni imezimwa, mlango umefungwa. Bi Semeni nilimtuma dukani akaninunulie sukari nisiyoihitaji. Nilitawadha. Nilipiga magoti upande wa kushoto wa kitanda na kuweka mdomo karibu na sikio.

Kwanza nilihakikisha, maana ndiyo kazi yangu. "Baba, leo ni Jumamosi?" Mbili. "Baba, tuko Pangani?" Moja. "Nikupunguzie shuka?" Mbili, nikampunguzia.

Kisha nikasema: "Baba, nilikuudhi. Niliondoka bila idhini yako. Naomba unisamehe, unipe radhi yako."

Aligonga mara moja.

Nilidhani nimesema haraka. Nikarudia polepole, neno kwa neno. Mara moja. Nikadhani sentensi ni ndefu, nikaifupisha. "Baba, nisamehe." Mara moja. "Baba, nipe radhi." Mara moja. Nilirudi kwenye maswali madogo, labda amechoka: "Mama anaitwa Khuloud?" Mbili, bila kusita. "Nipe radhi, Baba." Moja. Niliomba mara nane, nimezihesabu. Hakuwa na hasira. Macho ameyafumba, uso ule ule wa mkekani, wa mtu anayesubiri mwanafunzi alipate mwenyewe.

Hakuambii kosa.

Lakini mimi kosa nalijua. Nalijua tangu alipogonga mara ya kwanza, hizo nyingine saba nilikuwa najifanya sijui. Nimeomba msamaha wa kuondoka. Sijasema hata mara moja kwamba najuta kuolewa na Castory, wala kwamba nitamwacha. Hilo ndilo neno nililoruka.

Jumapili, 11 Mei

Nimemweleza Castory kwa simu. Akasema kwa upole ule wake wa wodini: "Mwambie unaniacha. Ni neno tu, Azza. Mzee apumzike, na wewe upumzike. Mimi sitakasirika."

Nikamwambia yule mtu alikuwa anasikia herufi moja iliyokosewa kati ya sauti thelathini. Uongo wangu mmoja, chumbani kimya, sikio zima, asiusikie?

"Basi sema kweli," akasema.

"Kweli nimeshasema. Ndiyo hiyo anayonirudisha."

Jumatano, 14 Mei

Nawaf amerudi kutoka Ushongo, amekiona kitanda. Mama amesema alikuwa anafagia. Nawaf amekirudisha nusu, ukutani kumebaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

Alhamisi, 15 Mei

Nimejaribu tena, asubuhi, kimya. Safari hii nilimwambia habari za Castory. Kwamba hunywa maji kwa siri Ramadhani ili asinitamanishe. Kwamba mimba yetu ilipoharibika alikaa na mimi siku tisa hakwenda kazini. Kwamba sijutii, na ninajua kutojuta ndilo kosa lenyewe, na naomba radhi pamoja nalo, lilivyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alifumbua macho akanitazama, na yalikuwa na maji. Mkono ulikaa juu ya fimbo muda mrefu.

Mara moja.

Nilimchukia, kwa dakika nzima. Baadaye nikambusu mkono ule ule uliogonga. Amekonda mno, mshipa unaonekana ukipiga.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imerudi. Baba hali chakula tena.

Jumapili, 18 Mei

Mvua.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Dokta Innocent anauliza mpimwaji wa kumi na tano ni nani, mbona hana umri wala jinsia. Sijamjibu.

Alhamisi, 22 Mei

Alianza kukoroma baada ya sala ya adhuhuri. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba tuliongea kwa ishara. Nawaf aliketi kuliani, akamwinamia, akaanza kumtamkisha shahada. Alikuwa anapaza sauti, anapaza huku analia, na mimi nilijua kwa tarakimu kwamba haifiki. Kulia, kwa mvumo: hakugonga kabisa.

Sikumwambia ahame. Ningemwambiaje, saa ile? Nilijipenyeza kwenye ile nafasi ya ukutani, ubavu ukikwaruza chokaa, mpaka mdomo wangu ukafika kwenye sikio lake la kushoto.

Nilikuwa na sikio linalosikia na dakika ya mwisho. Ningeweza kuomba mara ya mwisho. Ningeweza hata kudanganya, labda angechoka kunirudisha. Neno la uongo lilikuwa mdomoni kabisa, nimeshaufunua mdomo. Nikasema laa ilaha illa Llah. Nikasema tena. Nawaf upande ule, mimi upande huu, tukisema kitu kimoja bila kupatana mwendo, na mvua juu yetu. Niliendelea mpaka Mama aliponigusa bega.

Fimbo haikugonga, si moja wala mbili. Nimeikuta mvunguni wakati wa kutandua.

Ijumaa, 23 Mei

Tumemzika kabla ya sala ya Ijumaa. Wanaume walikwenda. Sisi tulibaki na mvua.

Jumapili, 25 Mei

Hitima imesomwa. Rahimu amekuja na watoto wake wa Tongoni, wamesoma sebuleni kila mmoja na lake kwa pamoja, na nilijikuta nangoja mtu agonge sakafu.

Watu walipoondoka Mama alinikalisha karibu naye. Amejua muda wote nilichokuwa nafanya nyuma ya mlango uliofungwa. "Usiumie, mwanangu," akasema. "Hakukusikia, maskini. Ubongo ulikuwa umekwisha. Angekusikia baba yako angekupa radhi, mimi namjua."

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nimempima. Alikuwa hasikii."

Akashusha pumzi, akanishika kichwa.

Baadaye, nikiwa nafunga nyaya za mashine, Nawaf alikuja mlangoni mwa chumba cha uani. Hakuwahi kuingia humo tangu nilipofika. Alizunguka kwanza, akauliza nasafiri lini, akaulizia nauli. Kisha akasema, macho chini: "Vile vipimo vyako. Nilimsomea kila asubuhi niliyokuwapo, Azza. Siku themanini na kitu. Alinisikia?"

Tisa katika ishirini kukiwa kimya, na alfajiri zake zote zilikuwa za feni na mvua.

"Alikusikia," nikamwambia. "Sikio la kulia ndilo lililokuwa zima."

Alijifuta uso kwa kiganja, akasema Alhamdulillahi, akaondoka haraka nisimwone.

Kwa hiyo wote wawili nimewapa maneno yaliyochakachuliwa, na wote wameyapokea vizuri. Dokta Innocent nimemwandikia kwamba mpimwaji wa kumi na tano afutwe. Karatasi yenyewe sikuichana. Nimeikunja ndani ya daftari hili: kushoto, chumba kimya, kumi na tisa katika ishirini. Alinisikia kila neno.